Jinsi Kimbunga Kikubwa Kinavyokata Mafuta na Stimu

Mkulima mmoja wa skimu yetu alikuja ofisini kuchukua fomu ya mbolea. Alipokuwa akingoja muhuri aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa neno moja. Alisema, "Bwana Karani, nimesikia katika redio kwamba kimbunga kikipiga Marekani mafuta hukosekana na bei hupanda. Lakini nimeambiwa pia kwamba mafuta ya huko hupita katika bomba la chuma lililozikwa chini ya ardhi. Je, upepo unaweza kuvunja bomba lililo chini ya ardhi?"

Nilimjibu, "La, Mzee, upepo hauvunji bomba hilo. Unavunja kile kinachoyasukuma mafuta." Yeye akatikisa kichwa na kusema, "Basi andika jambo hili katika gazeti, maana si mimi peke yangu nisiyelielewa." Ndiyo sababu ya makala haya. Soma polepole, kwa maana mwisho wake unakuhusu wewe, ng'ombe wako wa gredi na mkebe wako wa maziwa.

KIMBUNGA NI KITU GANI?

Kimbunga kikubwa huzaliwa baharini, mahali ambapo maji yana joto la digrii 26 au 27 na zaidi. Maji ya moto hugeuka mvuke, mvuke hupanda juu, na upepo hukimbilia mahali hapo ukizunguka kama maji yanayoingia katika tundu. Upepo ukifika mwendo wa kilomita 119 kwa saa, watu wa Marekani hukiita harikeni. Ukifika kilomita 178 kwa saa, basi kimekuwa harikeni kubwa. Majira yake huko huanza mwezi wa Juni na kumalizika Novemba.

Hapa Kenya hatuzoei kuona vimbunga vya namna hiyo, kwa sababu tuko karibu sana na mstari wa ikweta, na upepo wa hapa haupati ule msukumo wa kuuzungusha unaotokana na kuzunguka kwa dunia. Lakini usidhani kwamba bahari yetu haina vimbunga. Mwezi wa Machi 2019 kimbunga kilichoitwa Idai kilipiga mji wa Beira, nchi ya Msumbiji, kikaua watu wengi sana.

Kimbunga huja na silaha tatu. Ya kwanza ni upepo. Ya pili ni mvua. Ya tatu ni maji ya bahari ambayo upepo huyasukuma hadi yakapanda nchi kavu. Kila moja ya silaha hizo ina namna yake ya kukata mafuta na stimu, kama utakavyoona.

NJIA YA MAFUTA

Kabla ya kusema jinsi njia inavyokatika, yafaa tuijue njia yenyewe. Nilipokuwa nikisomea ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hawezi kuelewa mto kwa kuonyeshwa daraja moja tu. Lazima aonyeshwe chemchemi, mkondo na mahali mto unapoishia. Mafuta nayo ni hivyo.

Kwanza, mafuta ghafi huchimbwa. Katika Ghuba ya Meksiko, kusini mwa Marekani, huchimbwa chini ya bahari, na wafanyakazi hukaa juu ya majukwaa makubwa ya chuma yaliyosimamishwa majini. Pili, hupelekwa pwani kwenye viwanda vya kuyasafisha, na viwanda vingi vya nchi hiyo viko katika majimbo ya Texas na Louisiana. Huko hupikwa na kutenganishwa kuwa petroli, dizeli, mafuta ya taa na mafuta ya ndege. Tatu, huingizwa katika bomba. Bomba kubwa kuliko yote ya namna hiyo huko huitwa Colonial. Linaanza Houston, Texas, na kwenda kaskazini hadi karibu na New York, na urefu wa mabomba yake yote ni kama kilomita 8,800. Nne, hufika katika matangi makubwa, na kutoka hapo malori huyapeleka katika vituo. Tano, hutiwa katika gari la mnunuzi.

Mafuta hayateremki katika bomba hilo kama maji ya mfereji yanayotoka mlimani. Lazima yasukumwe. Njiani kuna vituo vya pampu, na pampu hizo huendeshwa kwa umeme. Hata hivyo mafuta huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na huchukua kama siku 18 kutoka Houston hadi upande wa New York. Kumbuka jambo hili la pampu na umeme. Ndilo fundo la habari yote.

KATRINA, 2005: BOMBA ZIMA, PAMPU ZIMEKUFA

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga kilichoitwa Katrina kiliingia Louisiana na Mississippi. Siku chache kabla, wafanyakazi wa majukwaa ya baharini walikuwa wamefunga visima na kuchukuliwa kwa ndege za helikopta. Walifanya vyema, maana kimbunga hicho, pamoja na kingine kilichoitwa Rita kilichofuata mwezi wa Septemba, viliharibu kabisa majukwaa zaidi ya 100. Kwa muda, karibu mafuta yote ya sehemu hiyo ya bahari yaliacha kuchimbwa.

Viwanda vya kusafishia navyo vilifungwa mapema. Kiwanda cha mafuta si sufuria ya ugali, ambayo waweza kuiepua na kuirudisha motoni upendavyo. Ndani yake kuna mitambo yenye joto la mamia ya digrii. Stimu ikikatika ghafula wakati mitambo inafanya kazi, kunaweza kutokea moto na mlipuko. Kwa hiyo huzimwa polepole kabla ya kimbunga, na baadaye hukaguliwa na kuwashwa polepole vilevile. Kazi hiyo huchukua siku nyingi hata kama hakuna kilichovunjika. Ikiwa maji yameingia ndani, huchukua majuma au miezi.

Lakini angalia bomba. Bomba la Colonial halikuvunjika, kwa kuwa lilikuwa salama chini ya ardhi. Upepo uliangusha nguzo na nyaya za stimu, na pampu zikasimama. Mafuta yaliyokuwa ndani yakasimama vilevile, na watu walio mbali sana na kimbunga, ambao hata mawingu yake hawakuyaona, wakaanza kukosa petroli. Wenye bomba walileta jenereta za kukodi, wakalianzisha tena kidogo kidogo baada ya siku chache. Bei ya petroli ya Marekani ikapita dola 3 kwa galani, na galani ya huko ni kama lita 3.8. Tarehe 2 Septemba nchi nyingi zilizo rafiki zilikubaliana kutoa mapipa milioni 60 katika akiba zao ili soko lisikauke.

Nao wakulima je? Katika majimbo hayo wafugaji walikamua ng'ombe wao na kumwaga maziwa chini. Stimu ya kupoza hakuna, lori la kuyachukua haliji, na kiwanda kimefungwa. Mamilioni ya kuku walikufa Mississippi kwa kuanguka kwa nyumba zao na kwa kukosa hewa na maji, kwa kuwa feni na pampu zilihitaji umeme, na jenereta zilihitaji dizeli isiyopatikana.

HARVEY, 2017: PAMPU ZIPO, MAFUTA HAKUNA

Tarehe 25 Agosti 2017 kimbunga kilichoitwa Harvey kiliingia Texas. Upepo wake ulipungua baada ya kufika nchi kavu, na mtu angedhani hatari imekwisha. Lakini kilisimama mahali pamoja kwa siku kadhaa kikinyesha. Mahali pamoja palipimwa mvua ya zaidi ya milimita 1,500. Linganisha na shamba lako: sehemu nyingi za nyanda zetu za juu hazipati mvua hiyo katika mwaka mzima.

Viwanda vilizungukwa na maji, bandari zikafungwa, na barabara zikawa mito. Kama robo ya nguvu yote ya Marekani ya kusafisha mafuta ilisimama. Safari hii stimu ya pampu haikuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kitu cha kusukuma. Bomba la Colonial likafunga mistari yake mikubwa kwa kukosa petroli na dizeli ya kutosha. Mfereji ulikuwa mzuri, lakini chemchemi ilikuwa imekauka.

SANDY, 2012: MAFUTA YAPO TANGINI, HAYATOKI

Mfano wa tatu ndio unaowashangaza watu zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2012 dhoruba kubwa iliyoitwa Sandy ilipiga pwani ya New Jersey na New York. Nyumba na maduka zaidi ya milioni 8 zilikosa stimu. Bahari iliingia mjini na kuharibu vituo vya umeme na matangi ya kupokelea mafuta.

Sasa sikiliza. Vituo vingi vya petroli vilikuwa na mafuta chini ya ardhi, mita chache tu kutoka pale gari liliposimama. Lakini pampu ya kituo huendeshwa kwa stimu, na stimu haikuwapo. Mwenye kituo alikuwa ameketi juu ya maelfu ya lita na hakuweza kuuza hata kibaba. Vituo vichache vilivyokuwa na umeme vilipata foleni za saa nyingi. Ikabidi serikali itoe amri: gari ambalo nambari yake inaishia kwa tarakimu isiyogawanyika kwa mbili linunue siku moja, na nyingine siku ya pili. New Jersey ilianza amri hiyo tarehe 3 Novemba, na mji wa New York tarehe 9 Novemba.

Jimbo la Florida lilikuwa limeonja taabu hiyo kabla yao, na mwaka 2006 liliweka sheria kwamba vituo vipya vya petroli vijengwe na nyaya zilizo tayari kuunganishwa na jenereta. New York nayo, baada ya Sandy, ilitaka vituo vilivyo katika barabara muhimu viwe hivyo. Elimu ya namna hii hununuliwa kwa bei kubwa. Sisi tunaipata bure kwa kusoma tu.

NJIA YA STIMU

Stimu nayo ina njia yake. Huzaliwa katika mtambo, husafiri katika nyaya kubwa juu ya milingoti ya chuma, huingia katika vituo vya kupunguza nguvu, halafu hupita katika nguzo za miti mpaka nyumbani. Tofauti yake na mafuta ni kwamba haiwekwi ndani ya waya kama maji katika mtungi. Kila dakika umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumiwa. Nyaya nyingi zikikatika kwa pamoja, mizani huvurugika na mitambo hujizima yenyewe ili isiungue.

Upepo huangusha nguzo, na mara nyingi zaidi huangusha miti juu ya nyaya. Maji ya bahari huingia katika vituo, na chumvi huharibu vyombo hata baada ya maji kuondoka.

Tarehe 29 Agosti 2021 kimbunga Ida kiliingia Louisiana kwa upepo wa kilomita 240 kwa saa. Mji wa New Orleans ulikuwa na njia kubwa nane za kuuletea stimu. Mtu angesema njia nane zinatosha, moja ikikatika saba zitabaki. Zote nane zilikatika. Mlingoti mkubwa uliobeba nyaya kuvuka mto Mississippi ulianguka. Njia nyingi si salama ikiwa zote zinapigwa na upepo ule ule siku ile ile.

Mfano mbaya zaidi ni kisiwa cha Puerto Rico. Kimbunga Maria kilikipiga tarehe 20 Septemba 2017, na kisiwa kizima chenye watu zaidi ya milioni 3 kikawa gizani. Mitambo mingi ya stimu iko upande wa kusini na watu wengi wako kaskazini, na nyaya hupita katikati ya milima yenye misitu. Milingoti ilianguka mahali ambapo lori haliwezi kufika. Ilichukua kama miezi 11 stimu kurudi kwa karibu watu wote. Huko nako wafugaji walimwaga maziwa, na wengine walipanga foleni ya dizeli kila siku ili mashine ya kukamulia ifanye kazi.

FUNDO LENYEWE

Sasa nadhani umeona fundo. Mafuta yanahitaji stimu ili yasafishwe, yasukumwe na yauzwe. Lakini mafundi wa stimu wanahitaji dizeli ya malori yao ili wakasimamishe nguzo, na mitambo mingi ya stimu huchoma mafuta au gesi. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Ni kama majirani wawili waliofungiwa nje, kila mmoja akiwa ameacha ufunguo wake katika nyumba ya mwenzake.

Ndiyo sababu baada ya kimbunga mafundi hawaanzi kwa nyumba za watu. Huanza kwa hospitali, pampu za maji, vituo vya bomba na viwanda vya mafuta. Mwenye nyumba hulalamika kwamba amesahauliwa, lakini kama pampu za bomba hazikuamshwa kwanza, lori la fundi lisingefika kwake hata kidogo.

Idai ilituonyesha jambo hilo hapa Afrika pia. Kimbunga kilipiga Msumbiji, lakini kiliangusha nyaya zinazopeleka umeme wa bwawa la Cahora Bassa hadi Afrika Kusini. Watu walio mbali sana na Beira wakakatiwa stimu kwa zamu.

YANATUHUSU NINI SISI?

Yanatuhusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni bei. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na tangu hapo Kenya hununua mafuta yaliyokwisha kusafishwa, yanayoletwa kwa meli. Bei ya juu inayotangazwa kila mwezi huhesabiwa kwa gharama ya mafuta yaliyofika bandarini. Soko la mafuta ni moja duniani. Marekani ikikosa, huenda kununua mahali pengine, na sisi tunaonunua mahali hapo tunapanda bei pamoja naye.

Njia ya pili ni ile ya fundo. Nasi pia tuna bomba linalopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kuendelea Nakuru, Eldoret na Kisumu. Nasi tuna vituo vya petroli vyenye pampu za stimu. Nitakueleza nililoliona kwa macho yangu. Katika skimu moja nisiyoitaja, radi ilipiga transfoma jioni. Chama cha ushirika kilikuwa na mtambo wa kupoza maziwa, na jenereta nzuri ya akiba. Lakini pipa la dizeli lilikuwa tupu. Kijana akatumwa sokoni na mitungi miwili. Akakuta kituo kimefungwa, kwa kuwa kilikuwa katika waya ule ule uliopigwa na radi. Asubuhi maziwa ya jioni yote yalikataliwa. Hakukuwa na kimbunga. Ilikuwa radi moja tu, lakini hasara ilikuja kwa njia ile ile ya New York.

BASI, MKULIMA AFANYE NINI?

1. Uliza katika mkutano wa chama chako: jenereta ya akiba ina dizeli ya saa ngapi? Nani huipima, na huandikwa wapi? Jenereta isiyo na mafuta ni chuma tu.

2. Uliza vilevile: tukikosa stimu, kituo gani cha mafuta kilicho karibu kina jenereta yake? Jambo hilo lijulikane kabla ya shida.

3. Ukiweka dizeli ya trekta, iwe katika pipa safi la chuma, kivulini, juu ya mbao, mbali na nyumba na jiko. Pipa lililopakwa zinki halifai. Dizeli ikikaa sana huingia maji na kuharibika, kwa hiyo tumia ya zamani kwanza kisha uijaze. Petroli usiiweke ndani ya nyumba kabisa, maana mvuke wake huwaka hata kabla ya moto kuigusa. Uliza ofisi ya serikali iliyo karibu sheria inaruhusu kiasi gani.

4. Usiwashe jenereta ndani ya nyumba au ghala lililofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Baada ya vimbunga vingi vya Marekani, watu waliookoka upepo waliuawa na jenereta zao wenyewe.

5. Ukiona waya umeanguka, usiuguse, wala usimruhusu mtoto au ng'ombe kuukaribia, hata ukidhani umekufa.

6. Stimu ikikosekana, weka mikebe ya maziwa katika maji baridi yanayopita, au ifunike kwa gunia lililolowa mahali penye upepo na kivuli. Peleka maziwa mapema. Maziwa ya jioni yasiyoweza kupozwa, yageuze mala mazuri kuliko kuyachanganya na ya asubuhi na kuharibu yote.

7. Uvumi ukitokea kwamba mafuta yatakosekana, usikimbilie kujaza kila chombo. Watu wote wakinunua ya mwezi mmoja kwa siku moja, kituo hukauka hata kama meli iko bandarini. Weka akiba kidogo kidogo wakati wa wingi.

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wakulima wa Louisiana na Puerto Rico wamenyolewa mbele ya macho yetu, na tumeona kwamba mashine zao zilikuwa bora kuliko zetu. Kilichowashinda ni kutegemea waya mmoja bila kujua kwamba na jirani yao, na muuza mafuta wao, wanategemea waya huo huo.

Kwa hiyo jioni hii, baada ya kukamua, nenda ukagonge lile pipa la chama kwa kidole. Likilia kama ngoma, mwenyekiti apate habari kesho asubuhi.